Mafuta kwenye Tarumbeta

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Lucius Pettway ni mate yake. Aliingia sebuleni kwa Shangazi Lavinia, akainamisha tarumbeta, akafungua kitundu chake cha chini na kupuliza, na maji ya kijivu yakamwagika juu ya sakafu niliyokuwa nimeipiga nta asubuhi ile. Yalinuka shaba na samaki wa kopo. Akayasugua kwa ncha ya kiatu, kama mtu anayezima sigara, kisha akaniuliza choo kiko wapi.

"Bwana," nilimwambia, "nje kuna uwanja mzima wa kumwagia."

"Nje kuna baridi, dada. Tarumbeta likipata baridi linanuna."

Shangazi alitoka jikoni na tambara mkononi. Nyumba yake iko Mtaa wa Ishirini na Nne, upande wa kaskazini, hapa Omaha, na wanamuziki weusi wanaopita Nebraska hulala kwake, kwa kuwa hoteli za katikati ya mji haziwapokei. Amewazoea. Hakumgombeza. Alimtupia tambara tu.

"Wewe ndiye kiongozi wao?"

"Ndimi, mama."

"Haya, ongoza. Anzia hapo chini."

Alipiga magoti, suti yake ya mistari ikiwa bado imefungwa vifungo vyote, akafuta mate yake mpaka sakafu ikang'aa tena. Mimi nilibaki nimesimama na kinyaa changu. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu kiangazi kilichotangulia, na kwa kuwa shule za mji wetu haziajiri walimu weusi, elimu yangu yote ilikuwa imeishia kwenye sakafu hiyo.

Ilinichukua muda kugundua kwamba mtu huyu aliyemwaga uchafu sebuleni alikuwa na usafi wa ajabu mahali pengine. Kabla ya kupiga hakugusa chakula chenye mafuta. Alisukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akasugua meno kwa magadi, akaufuta mdomo wa juu kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, ndipo akashika tarumbeta. Wapulizaji wake wote walitakiwa kufanya hivyo hivyo. Siku moja alimrudisha ndani mpiga tromboni, mtu mzima mwenye wajukuu, kwa sababu alimwona nyuma ya basi anakula soseji.

"Kapteni, ni kipande tu," yule mzee alilalamika.

"Nenda kasukutue. Chombo chako ni nusu shaba, nusu kinywa. Ile ya shaba unaisugua kila siku. Hii nyingine unaijaza nguruwe."

Walimwita Kapteni wote, hata waliomzidi umri. Alizaliwa Alabama, katika mji mdogo ambao hakuutaja ila akiwa amekasirika. Baba yake alikuwa kinyozi, na kila alipofariki mwenzao mmoja katika chama chao cha kuzikana, yeye ndiye aliyesimama kando ya kaburi na kupiga tarumbeta. Alipiga sauti za chini, ndefu, zilizotambaa juu ya udongo mbichi. Lucius alijifunzia hapo, kati ya wajane na mabuti yenye matope. Sauti ya juu ni ya kumshtua farasi, baba yake alimfundisha, ya chini ndiyo inayomfikia marehemu.

Alipofika kwetu alikuwa na watu kumi na wawili na basi kuukuu lililokuwa la watoto wa shule. Walizunguka Nebraska, Iowa, Kansas na Dakota zote mbili, wakipiga dansi katika kumbi za wakulima ambao waliucheza muziki wao usiku na kuwasahau asubuhi. Chakula walipewa kupitia dirisha la nyuma la jiko. Mara nyingine juu ya mchuzi palikuwa na kitu ambacho mpishi alikuwa amekitema. Hosea Tibbs, mpiga saksafoni na rafiki wa Kapteni tangu ujana, ndiye aliyenieleza namna ya kukitambua: unainamisha sahani kwenye mwanga, mate hayachanganyiki na mchuzi, yanakaa juu kama jicho.

"Na ukiliona hilo jicho?" nilimuuliza.

"Unakula upande wa pili."

Alilisema hilo akiwa anapaka siagi kwenye mkate wa Shangazi. Mimi sikumaliza chakula changu.

Hawakuwa na muziki wa kuandikwa. Nyimbo zao zilizaliwa ndani ya basi. Mmoja alianza, wengine wakadakia, na wimbo ukishaiva ulikuwa wa wote. Maamuzi nayo yalikuwa ya wote. Bendi nyingi za nchi hii ya tambarare ziliendeshwa kwa ushirika, lakini ya Pettway ilikuwa na namna yake ya kupiga kura. Mwenye kukubali alivaa kofia. Mwenye kukataa aliivua na kuiweka gotini. Kapteni mwenyewe hakupiga kura. Kofia yake ilining'inia kwenye msumari karibu na dereva, na ilishuka pale tu pande mbili zilipolingana. Likishaamuliwa kwa kofia, halikurudiwa.

Majira ya baridi ya mwaka 1936 walishindanishwa na bendi kubwa kutoka Kansas City, katika ukumbi mmoja wa Sioux City. Shangazi na mimi tulikwenda kuwashangilia. Shindano la bendi lina utaratibu wake: hawa wanapiga, wale wanajibu, na makofi ndiyo yanayohukumu. Wageni walikuwa wengi, wana matarumbeta matano na makoti yanayomeremeta. Kapteni alisimama akawajibu kwa wimbo wa polepole, ule wa makaburini, ameuvalisha mwendo wa dansi. Nilidhani hakuna kitu kizuri kuliko kile duniani. Watu waligeuka kutafuta vinywaji. Mwanamume mmoja aliyekaa chini kabisa ya jukwaa alipiga mwayo wa makusudi, kinywa wazi, meno mabovu yote nje.

"Mzee," alisema kwa sauti, "sisi tumekuja dansi. Matanga utayafanya kwenu."

Kapteni alimtazama. Kisha akalipandisha tarumbeta kuelekea darini na kutoa sauti ya juu kama treni inayoomba njia. Akairudia. Akairudia tena, ile ile moja, bila wimbo wala maana yoyote. Shingo ilimvimba kama ya chura, macho yakamtoka, na ute ukamchirizika mpaka kidevuni. Watu waliacha kucheza wakasogea jukwaani, wakihesabu kwa pamoja kama wanaomtazama mtu aliyeweka dau la kula mayai mabichi. Alipomaliza, walimbeba mabegani kumzungusha ukumbini.

Baadaye tulimkuta nyuma ya ukumbi anatapika kwenye theluji. Tibbs alikuwa amemshika kiuno.

"Umeshinda, ndugu yangu."

"Nimewapa filimbi ya treni, Hosea. Wameila wakalamba na sahani."

Hapo ndipo tulipomwona Garland Voss kwa mara ya kwanza. Alikuwa wakala wa bendi kutoka Chicago, mzungu mnene mwenye vidole laini vilivyonukia marashi ya waridi. Alisimama karibu sana na matapishi bila kuyaona, akitabasamu, na marashi yake yakachanganyika na ile harufu hata nikalazimika kugeuka.

"Lucius," alisema, kama waliokulia nyumba moja, "ile sauti unaweza kunitolea kila siku?"

Kesho yake walipiga kura ndani ya basi, limeegeshwa mbele ya nyumba yetu. Nilikuwa nimewapelekea kahawa, na hakuna aliyeniambia nishuke. Voss alikuwa ameahidi hoteli kubwa Chicago, redio kila wiki, na kitanda kwa kila mtu mpaka kiangazi. Kwa upande wao, wangempa zile sauti za juu na michezo kidogo jukwaani. Jina la bendi, Lucius Pettway, lingekaa mikononi mwa ofisi yake, kwa urahisi wa shughuli.

"Michezo gani?" aliuliza Tibbs.

"Hakusema," alijibu Kapteni.

"Mtu asiyeutaja mchezo wake, ujue ameshauona mpaka mwisho."

"We Tibbs una kitanda kwenu," alidakia mpiga ngoma. "Sisi wengine kitanda chetu ni hiki kiti."

Mpiga ngoma huyo alikuwa ameumwa na baridi miguuni, maana kifaa cha kupasha joto ndani ya basi kilikuwa kimekufa tangu Dakota. Vidole viwili vya mguu wake wa kulia vilikuwa vimegeuka vyeusi. Alikuwa amevua soksi ili avipepee, na basi zima lilinuka nyama iliyosahauliwa. Kofia zilivaliwa, nyingine zikavuliwa. Sita kwa sita.

Wote wakatazama msumari.

Kapteni akautazama ule mguu. Aliutazama kwa muda, kama mtu anayesoma. Halafu akanyanyuka, akaishusha kofia yake na kuivaa, na Tibbs akafunika uso kwa viganja vyake.

Mwaka uliofuata tulimsikia redioni. Kinyozi wa mtaa wetu aliliweka redio lake dirishani, watu wakajaa mpaka barabarani, na mtangazaji alipotaja Lucius Pettway, mfalme wa sauti za juu, wanaume wazima walipigana mabegani kwa furaha. Kitu kimoja kilinisumbua. Kati ya wimbo na wimbo ulisikika mlipuko wa kicheko, kicheko kirefu cha watu walioshiba, na hatukujua wanacheka nini.

Tulijua walipokuja Omaha. Voss aliwaleta katika jumba la maonyesho la katikati ya mji, na sisi watu wa kaskazini tukauziwa viti vya roshani ya juu kabisa, kwa mlango wa pembeni. Shangazi alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani. Pazia lilipofunguka, Kapteni alitoka amevaa kofia ya majani iliyotoboka na suruali iliyokatwa magotini. Alipiga zile sauti zake za treni. Halafu msichana akaja na sinia, na juu yake palikuwa na paja la kuku wa kukaanga kubwa kama rungu. Kapteni akayazungusha macho, akalirukia lile paja na kulirarua kwa meno, mafuta yakimtiririka mikononi, na ukumbi wote wa chini ukalipuka kwa kicheko kile kile cha redioni. Kinywa kikiwa bado kinatafuna, akapachika tarumbeta mdomoni na kupuliza.

Nilimwona akipuliza mafuta. Kipande cha ngozi ya kuku kilibaki kimening'inia kwenye kidevu chake.

Shangazi Lavinia alikuwa amekaanga kuku kila Jumapili ya maisha yake. Aliinuka, akanivuta mkono, na tulipofika kwenye ngazi alisimama, akatoa kitambaa chake cha maua na kutemea ndani yake, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akitema.

"Hata mbwa," alisema, "humwachi ale hivyo mbele za watu."

Jumapili ile hakukaanga kuku. Hajakaanga mpaka leo.

Mengine nilisimuliwa na Tibbs. Mafuta yanaufanya mdomo uteleze kwenye shaba, na mpulizaji anayeteleza hana la kufanya ila kugandamiza. Kapteni aligandamiza. Kila onyesho paja la kuku, kila onyesho treni, na kati ya hayo mawili hakupewa nafasi ya kusukutua, kwa sababu Voss alisema watu wanapenda kuyaona mafuta yakimeta kwenye taa. Mdomo wa juu ulifanya kidonda. Kidonda kikafanya usaha. Alikuwa akipaka mafuta ya nguruwe na shabu, akisubiri pazia lifunguke, na lile tarumbeta likaanza kunuka hata wapigaji wa karibu yake wakawa wanageuza nyuso. Mwishoni, mjini Detroit, mdomo ulipasuka katikati ya wimbo. Tibbs alisema watu wa viti vya mbele walipofuta nyuso zao, waliona damu kwenye leso, na hata hivyo walipiga makofi.

Voss hakufika hospitali. Alimtuma msaidizi wake kuchukua mavazi ya jukwaani, kofia na suruali. Kijana wa Memphis aitwaye Clyde Rainey, mwenye mapafu ya farasi, alipandishwa jukwaani siku iliyofuata amevaa ile kofia ya majani, na akatambulishwa kama Lucius Pettway. Jina lilikuwa la ofisi. Wenye ofisi walimweka ndani ya jina hilo mtu mwingine, kama unavyobadilisha balbu.

Kapteni alirudi Omaha kwa treni, na akapata kazi kusini mwa mji, kwenye kiwanda cha nyama. Walimweka chumba cha matumbo. Kazi yake ilikuwa kuyasukuma matumbo ya nguruwe yatoe uchafu, kuyageuza ndani nje chini ya maji ya moto, na kuyakwangua mpaka yawe meupe, tayari kujazwa soseji. Alirudi nyumbani jioni akiwa na harufu iliyotangulia mbele yake nusu ya mtaa. Shangazi alimwekea beseni na sabuni ya magadi kwenye ukumbi wa nyuma, na hakuruhusiwa kuingia mpaka atakate. Hata akitakata, harufu ilibaki kwenye kucha na nywele. Sifichi kwamba nilihamisha kiti changu mwisho wa meza. Mdomo wake wa juu ulikuwa na uvimbe mgumu, wa rangi ya ini, na supu ilichuruzika hapo bila yeye kujua.

Aliniona nikihama.

"Mwalimu," aliniambia, bila uchungu, "mimi matumbo hayanichukizi."

"Nini kinakuchukiza basi?"

"Kofia." Akaendelea kunywa supu. "Utumbo hauna hila, ukiufungua umeujua. Lakini ile kofia niliivaa mwenyewe, kwa mkono wangu huu."

Shangazi aliweka mwiko chini.

"Uliivaa kwa ajili ya mguu wa mtu."

"Mguu wenyewe ulikatwa, mama. Chicago, wiki ya pili."

Miezi mingi hakugusa tarumbeta. Kisha Tibbs akarudi. Alikuwa amemwacha Voss, kwa maneno yake mwenyewe, kama unavyoacha choo cha stesheni, bila kuaga na bila kugusa kitasa. Alipata kazi kiwanda kile kile, kwenye ngozi, na Jumapili ya kwanza baada ya ibada aliingia kwenye banda la nyuma ya nyumba, akamkuta Kapteni ameketi juu ya ndoo, tarumbeta mapajani.

Niliwasikia kupitia mbao. Kwanza ilitoka pumzi tupu, kama gurudumu linalotoa upepo. Halafu mkoromo. Kisha kitu kama mbuzi mgonjwa, na Tibbs akacheka.

"Hebu nyamaza," Kapteni alisema.

"Sijakucheka wewe. Nimemcheka mbuzi."

"Sauti za juu zimekwisha, Hosea. Ule uvimbe hauwezi kutetemeka."

"Zife salama. Hakuna atakayezilia. Za chini je?"

Ikatokea moja. Fupi, nyembamba, ikatikisika, lakini ilikuwa ile ya kando ya kaburi. Shangazi, aliyekuwa akianika mashuka, alisimama na shuka mikononi mpaka ilipoisha.

Tangu hapo akawa anapiga kila siku, baada ya beseni na sabuni, baada ya maji ya chumvi na magadi. Wanaume wa kiwanda wakaanza kuja na vyombo vyao: mmoja wa chumba cha damu mwenye tromboni, wawili wa kwenye barafu wenye matarumbeta, mpiga besi ambaye mikono yake ilinuka siki. Banda lilinuka vibaya kuliko basi lolote. Nilikuwa nawapelekea kahawa nikiwa na leso puani, na wao walinicheka kwa hilo.

"Mwalimu anatupenda kwa mbali," alisema yule wa chumba cha damu.

Wiki mbili zilizopita matangazo yalibandikwa mtaani kwetu. Yalikuwa makubwa, mekundu: LUCIUS PETTWAY, MFALME WA SAUTI ZA JUU, JUMAMOSI, na chini ya jina hilo picha ya Clyde Rainey ameng'ata paja la kuku. Ukumbi ulikuwa ule wa kwetu, hatua chache tu kutoka kwa kinyozi. Voss alikuwa ameishamaliza majumba ya mjini, sasa anatuletea makapi yake. Watu walisimama mbele ya lile tangazo, wakacheka kwanza, kisha wakanyamaza. Mtoto wa jirani alimuuliza Kapteni, aliyekuwa akipita na ndoo yake ya chakula, kama anamjua yule bwana. Kapteni alisema wamewahi kukopeshana suruali.

Wenye mji wana haki moja ambayo hakuna bendi ya wageni inayoweza kuikataa bila kuaibika: wakileta changamoto, lazima shindano lifanyike. Tibbs alitaka changamoto ipelekwe. Walikusanyika bandani, wakakaa juu ya ndoo na magogo. Kapteni alisema mambo yaliyo wazi. Mdomo unaweza kuhimili nyimbo tatu, labda nne. Hawezi kwenda juu. Akishindwa mbele ya watu wake, jina litakuwa la Voss daima, kwa haki kabisa, na hata marafiki watasema yule kijana ndiye Pettway wa kweli.

"Watapiga mwayo," alisema. "Kama Sioux City."

"Wapige," alisema Tibbs. "Safari hii tutawapigia mpaka waone haya."

"Na nisipoweza?"

Tibbs alivaa kofia. Yule wa chumba cha damu akavaa ya kwake, yenye madoa. Wakavaa wote, mmoja baada ya mwingine, na Shangazi Lavinia, ambaye si mwanabendi, akaingia ndani ya nyumba na kurudi akiwa na kofia ya kanisani kichwani, akasimama mlangoni mwa banda amekunja mikono. Kura hazikulingana, kwa hiyo kofia ya Kapteni haikuhitajika. Ilikuwa gotini kwake. Aliizungusha kwa ukingo, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimefia humo, kisha akaitundika kwenye msumari wa banda, na pale imebaki.

Leo ni Jumamosi, na changamoto imekubaliwa. Asubuhi basi la wageni lilisimama mbele ya nyumba yetu, kwa sababu Voss hulala hotelini mjini na bendi yake, kama bendi zote za watu wetu, haina pa kulala ila kwa Shangazi Lavinia. Kijana mrefu aliteremka, akaingia sebuleni, akainamisha tarumbeta na kumwaga mate sakafuni. Shangazi alikuwa na tambara tayari.

"Jina?" alimuuliza.

Yule kijana alisita. "Lucius Pettway, mama."

"Huyo ana kitanda tayari. Wewe nani?"

Kapteni alikuwa amekaa mezani na kikombe cha maji ya chumvi. Clyde Rainey alimtazama, akauona ule uvimbe, na nikaona amemtambua. Alifungua kinywa, na hapo sote tukaona: katikati ya mdomo wake wa juu palikuwa na kidonda kidogo chenye ukoko wa manjano, mwanzo tu, kimepakwa mafuta ya nguruwe.

"Njoo karibu," alisema Kapteni.

Alikishika kidevu cha kijana yule kwa vidole vyake vinavyonuka matumbo, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha kama Tibbs alivyonifundisha kuinamisha sahani. Kijana hakujitoa. Kapteni akamsukumia kikombe.

"Sukutua. Usimeze. Kuku wa leo ukiletewa, ng'ata hewa."

"Bwana Voss anakaa mstari wa mbele," alisema Clyde. "Anaangalia."

"Na mimi nitakuwa upande wa pili wa jukwaa. Nitakuwa naangalia pia. Nawe ukipanda juu na treni yako, panda, sitakufuata huko. Mimi nitakujibu kutoka chini."

"Nimeambiwa nikumalize, bwana."

"Jaribu basi. Lakini kwanza sukutua."

Kijana alisukutua, akatafuta mahali pa kutema, na Shangazi akamwonyesha dirisha.

Sasa mchana unaelekea kwisha. Clyde Rainey amelala chumba cha juu, au amejilaza tu macho wazi, hatusikii kitu. Kinyozi amefunga duka mapema. Wanawake wa mtaa wananyoosha nywele na kupiga pasi, na milango yote iko wazi kiasi kwamba harufu ya nywele na ya nguo moto zimefunika hata upepo unaotoka kiwandani. Inasemekana wanakuja watu kutoka Lincoln na Council Bluffs. Tibbs amekwenda ukumbini mara mbili kuona kama mlango umefunguliwa, ingawa anajua haufunguliwi kabla ya saa mbili usiku.

Kapteni yuko bandani. Amekwisha kusukutua, amekwisha kusugua meno, kitambaa cheupe nilikipiga pasi mimi mwenyewe na nikampelekea bila leso puani. Hapigi. Analipasha tarumbeta moto chini ya koti lake, kwapani, lisije likanuna, na kila baada ya muda analitoa, anagusisha mdomo kwenye shaba bila kupuliza, anasikiliza, kisha analirudisha. Shangazi amesimama mlangoni na kofia yake ya kanisani. Tunangoja saa mbili.